Uteuzi wa Kitabu cha Sayansi ya Maunzi: Uhakiki wa Lugha na Mpangilio wa Vitabu Vitatu

Utangulizi

Mhadhiri wa uhandisi anapoteua kitabu cha kiada, aghalabu hutazama mambo matatu: mada zilizomo, mazoezi yaliyomo, na bei. Lugha ya kitabu haihesabiwi, kwa kuwa hudhaniwa kwamba lugha ya sayansi ni moja kila mahali, na kwamba aliyeelewa hesabu ameelewa yote. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi katika somo moja angalau, nalo ni somo la sayansi ya maunzi, ambalo wanafunzi wa uhandisi hulisoma mapema katika masomo yao. Katika somo hilo kosa la neno huzaa kosa la hesabu, na kosa la hesabu huweza kuishia katika nguzo au katika boriti ya zege.

Yafaa kwanza neno lenyewe lielezwe. Wanaoandika Kiswahili wanaweza kuliita somo hili kwa majina mbalimbali. Wako wanaopendelea sayansi ya vifaa, lakini kwa watu wengi kifaa ni chombo kilichokwisha kuundwa, kama nyundo au msumeno. Malighafi ni kitu ambacho bado hakijatengenezwa, hali chuma cha pua anachokichunguza mhandisi kimekwisha kupita tanuruni. Neno maada nalo ni la fizikia, na hujumuisha hata maji na hewa. Hapa litatumika neno maunzi, yaani vitu vya kuundia au vya kujengea. Neno hilo limetokana na kitenzi unda, kama vile penzi lilivyotokana na penda. Ni kweli kwamba siku hizi hutumika pia kwa sehemu za kompyuta zinazoshikika. Hata hivyo maana yake ya awali haijafutika, na isemwapo kwamba vyaelea vimeundwa, huulizwa pia vimeundwa kwa nini.

Vitabu vitakavyohakikiwa ni vitatu, navyo vimetumika sana katika vyuo vinavyofundisha kwa Kiingereza. Cha kwanza ni Materials Science and Engineering: An Introduction cha William D. Callister, kilichotoka mwaka 1985. Matoleo ya karibuni yametoka kwa ushirikiano na David G. Rethwisch, na toleo la kumi lilitoka mwaka 2018. Cha pili ni Engineering Materials 1 cha Michael Ashby na David Jones wa Cambridge, kilichotoka mwaka 1980 na kufuatwa na juzuu ya pili mwaka 1986. Cha tatu ni The New Science of Strong Materials cha J. E. Gordon, kilichotoka mwaka 1968. Hiki cha mwisho hakikuandikwa kiwe cha kiada. Kiliandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Sababu ya kukitia katika hesabu hii itadhihirika.

Kipimo cha uhakiki

Mwanafunzi wa Kenya husomea uhandisi kwa Kiingereza, lakini hafiki darasani mikono mitupu. Hufika na lugha yake, na katika lugha hiyo mna kivumishi kimoja, -gumu, kinachobeba mizigo mingi. Jiwe ni gumu, nyama ya ng'ombe mzee ni ngumu, mti wa mvule ni mgumu, mtihani ni mgumu, na mchoyo naye huitwa mtu mgumu. Si upungufu wa Kiswahili peke yake. Kiingereza cha sokoni huchanganya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mwandishi wa kitabu wa Uingereza au Marekani huweza kukisia mchanganyiko uliomo kichwani mwa msomaji wake na kuufumua, hali mchanganyiko wa msomaji wa Nairobi au Eldoret haukuwamo katika makadirio yake.

Sayansi ya maunzi hutenga mambo manne ambayo usemi wa kila siku huyafunga katika tita moja. La kwanza ni ukakamavu, yaani kadiri kitu kinavyokataa kupinda au kuvutika wakati mzigo ungali juu yake. La pili ni nguvu, yaani kiwango cha mzigo kwa kila kipande cha eneo ambacho kikifikiwa, kitu hubadilika umbo kisirudi tena, au hukatika. La tatu ni ugumu kwa maana finyu, yaani ukinzani wa uso dhidi ya kukwaruzwa na kubonyezwa. La nne ni ustahimilivu, yaani uwezo wa kitu ambacho tayari kina ufa kuuzuia ufa huo usienee.

Sufuria na bilauri zaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Sufuria ni ya alumini, na sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzani wa gramu 2.7, ya kioo cha kawaida ina gramu 2.5 hivi. Ukakamavu wa alumini ni gigapaskali 70 takriban, na wa kioo vilevile ni 70 takriban. Kwa hesabu ya uzani na ukakamavu, vitu hivi viwili ni ndugu. Lakini sufuria ikianguka hubonyea, na bilauri ikianguka huvunjika vipande vipande. Tofauti imo katika jambo la nne. Katika kipimo cha megapaskali zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha mita, ustahimilivu wa kioo haufiki 1, na wa aloi nyingi za alumini hupita 20. Tena kioo ndicho kigumu zaidi kwa maana ile finyu, kwa kuwa hukwaruza alumini bila taabu. Mwanafunzi aliye na neno moja tu la kutajia yote haya hana njia ya kueleza yaliyotokea jikoni kwao.

Kipimo kinachopendekezwa basi ni hiki: kitabu cha sayansi ya maunzi kinafaa kwa kadiri kinavyomwezesha mwanafunzi, akiisha kukifunga, kuyatenga mambo hayo manne kwa maneno yake mwenyewe na kusema lipi linahusika katika tatizo lililo mbele yake.

Callister: kutoka atomu kwenda juu

Mpangilio wa Callister unajulikana na wote waliokitumia. Baada ya utangulizi huja muundo wa atomu na vifungo vyake, kisha fuwele, kisha kasoro za fuwele, kisha usambaaji wa atomu. Tabia za kimekanika za metali hufika katika sura ya sita, na kuvunjika katika sura ya nane. Baadaye hufuata michoro ya hali za aloi, kauri, polima, maunzi mchanganyiko, kutu, na tabia za umeme, joto, sumaku na mwanga.

Si haki kumlaumu Callister kwa kuuvumbua utaratibu huu, wala si haki kuudharau. Lawrence Van Vlack wa Michigan alikuwa amekwisha kuutia nguvu mwaka 1959 katika Elements of Materials Science, wakati ambapo wahandisi wengi walifundishwa metali moja baada ya nyingine, kama orodha ya duka. Kusema kwamba muundo wa ndani ndio unaoeleza tabia za nje kulikuwa hatua kubwa. Callister aliirithi hatua hiyo, akaipanua na kuinyoosha kwa uangalifu mwingi. Fasili zake ni safi. Mifano yake ya hesabu hufuatwa hatua kwa hatua. Kila sura huisha kwa orodha ya istilahi, na kitabu huisha kwa faharasa ya maana zake. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, ambaye anahitaji kujua nusu-vipitishi na sumaku, hatapata upana kama huu kwa Ashby na Jones.

Kasoro yake ni ya kibalagha. Ndani ya kitabu hiki jibu hutangulia swali. Mwanafunzi huambiwa namna atomu za chuma zinavyopangika kabla hajaona kwa nini mtu yeyote ataka kujua. Istilahi huja kwa mkururo, kila moja imekolezwa wino, kila moja na fasili yake, na sentensi nyingi ni za kutendwa, zisizo na mtenda. Msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo huruka na kurudi. Msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu hufanya lililo salama: huzihifadhi fasili. Mtihanini huziandika zilivyo, hupata alama zake, na tita lile la maneno manne hubaki limefungwa kama lilivyokuja.

Ashby na Jones: kutoka haja kwenda chini

Ashby na Jones walianzia upande wa pili wa njia. Baada ya utangulizi mfupi, sura ya pili ya kitabu chao inahusu bei na upatikanaji wa maunzi. Jambo hilo peke yake lingetosha kumvuta mhandisi wa nchi inayoagiza sehemu kubwa ya metali zake kutoka ng'ambo. Kisha huletwa ukakamavu, nao hupimwa na kuandikwa katika jedwali kabla ya atomu kutajwa. Msomaji akiisha kuuliza kwa nini almasi ina ukakamavu mwingi namna ile na mpira kidogo namna ile, ndipo sura za vifungo na za mpangilio wa atomu zinapofunguliwa, na ndipo chanzo cha ukakamavu kinapoelezwa. Hatimaye huja mifano ya usanifu ambamo ukakamavu ndio unaoamua. Utaratibu huo huo hurudiwa kwa nguvu, kwa mvunjiko wa ghafla, kwa uchovu wa metali, kwa kuvutika polepole chini ya joto, kwa kutu na kwa msuguano.

Faida ya utaratibu huu kwa lugha ni kubwa. Kila istilahi huingia wakati ambapo neno la kawaida limekwisha kushindwa. Mwanafunzi huona kwamba nguvu peke yake haikuweza kueleza kupasuka kwa tangi, na kwa hiyo hulipokea neno la nne kama mtu anayepewa chombo alichokuwa akikitafuta. Sentensi zao ni fupi, na mtenda yuko wazi. Mambo manne yaliyotajwa hapo juu yana makao yake mbalimbali ndani ya kitabu, hata msomaji hawezi kuyachanganya bila kurudi nyuma kurasa nyingi.

Kasoro zake nazo zitajwe. Juzuu ya kwanza ilipotoka ilijishughulisha zaidi na tabia za kimekanika, kwa hiyo mwanafunzi wa umeme huachwa nje ya mlango. Ufupi wake wa maneno, ambao ni sifa mbele ya mhadhiri hodari, huwa kikwazo mahali ambapo darasa ni kubwa na mwanafunzi hana wa kumwuliza. Na mifano mingine yataka mazoea ambayo msomaji wa hapa hana. Vyuma vya kutelezea juu ya theluji ni mfano mzuri wa msuguano kwa aliyekulia penye theluji; kwa aliyekulia Garissa au Busia ni fumbo juu ya fumbo, kwa kuwa lazima kwanza aeleweshwe chombo ndipo aeleweshwe fizikia yake.

Gordon: mlango wa kuingilia

Kitabu cha Gordon hakina mazoezi, na hesabu zake ni chache. Jina lake la pili lauliza kwa nini mtu aliyesimama sakafuni haporomoki akapita chini. Swali hilo la kitoto ndilo mlango wa somo zima, kwa maana jibu lake ni kwamba sakafu hupinda kidogo, na kwa kupinda huku husukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa mtu. Gordon, aliyefanya kazi Farnborough kabla ya kuwa profesa Reading, alisimulia pia kisa cha A. A. Griffith, ambaye karibu na mwaka 1920 alivuta nyuzi za kioo nyembamba na nyembamba zaidi, akaona kwamba kadiri zilivyozidi wembamba ndivyo nguvu yake ilivyozidi. Kutokana na jambo hilo ilidhihirika kwamba udhaifu wa kioo cha dirishani hautokani na vifungo vya atomu zake. Watokana na nyufa ndogo ndogo zilizomo.

Mwanafunzi aliyesoma sura hizo amekwisha kupata ustahimilivu kama wazo kabla ya kuupata kama herufi ya mlinganyo. Hii ndiyo sababu ya kumtaja Gordon katika uteuzi wa kitabu cha kiada: hutengeneza shamba ambalo vitabu vingine viwili vitapanda.

Ufa katika meli na ufa katika mtepe

Yafaa vitabu hivi vipimwe kwa tukio moja. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, iliyokuwa mpya, ilipasuka karibu vipande viwili bandarini Portland, Oregon, katika maji matulivu. Chuma chake hakikukosa nguvu kwa maana ya pili. Kilikosa ustahimilivu katika baridi, na kwa kuwa mabamba yalikuwa yameunganishwa kwa kuchomelewa, ufa ulioanza mahali pamoja haukukuta ukingo wa kuukomesha.

Aliyesomea kwa Callister ataweza kuchora mchoro unaoonyesha jinsi chuma kinavyopoteza ustahimilivu joto linaposhuka. Aliyesomea kwa Ashby na Jones ataweza kukokotoa urefu wa ufa ambao ukipitwa chuma hakisalimiki. Aliyesoma Gordon ataweza kumweleza nahodha kilichotokea. Mhandisi aliyekamilika huhitaji yote matatu, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuanzia mahali pote kwa mara moja.

Hapa pana nafasi ya mfano kutoka pwani ya Afrika Mashariki ambao haumo katika mafundisho ya vitabu hivi. Mtepe, chombo cha kale cha upande wa Lamu, uliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Ufa ukianza katika ubao mmoja, ukifika kwenye mshono hukosa njia ya kuendelea, na kamba hulegea kidogo zikashika tena. Chombo hicho hakikuwa na ukakamavu mwingi, wala nguvu kubwa. Kilikuwa na ustahimilivu. Vivyo hivyo nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari ya mawe na chokaa. Boriti ikibeba mzigo ule ule katikati, urefu wake ukiongezwa mara mbili, kupinda kwake huzidi mara nane. Mwashi wa Lamu hakuuandika mlinganyo huo, lakini vyumba vyake vinauonyesha. Mhunzi naye anayetumbukiza panga jekundu majini, kisha akalipasha moto tena kidogo, anabadilisha ugumu kwa ustahimilivu kwa kiasi anachokijua kwa macho. Mhadhiri atakayeitumia mifano hii mitatu atakuwa amefasiri sura tatu za Ashby na Jones bila kuzibadilisha.

Gharama na matoleo

Maktaba nyingi zina nakala chache, tena za matoleo mbalimbali. Katika somo hili jambo hilo si msiba mkubwa kama inavyodhaniwa, kwa maana fuwele za chuma hazikubadilika tangu mwaka 1985. Linalobadilika ni nambari za mazoezi na za kurasa. Mhadhiri akigawa kazi kwa nambari, mwenye toleo la zamani hupotea. Akiandika swali lenyewe ubaoni au katika karatasi, matoleo yote hufaa. Kwa sababu hiyo kumlazimisha mwanafunzi kununua toleo jipya ni mzigo usio na faida inayolingana nao, isipokuwa katika sura za maunzi mapya na za mazingira.

Hitimisho

Kwa ushahidi uliotolewa, kitabu cha kuongoza kozi ya kwanza kwa wanafunzi wa uhandisi wa mitambo na wa ujenzi chafaa kiwe Engineering Materials 1. Callister awekwe maktabani kwa nakala za kutosha kama kitabu cha rejea, na awe kiongozi kwa wanafunzi wa umeme. Sura za mwanzo za Gordon zisomwe na wote kabla ya mhadhara wa pili. Anayepinga uteuzi huu atasema kwamba bila atomu hakuna sayansi, ila orodha ya tabia. Naye ana haki, iwapo mhadhiri atazichukua jedwali za Ashby na Jones na kuziruka sura za vifungo. Kitabu hicho chataka kisomwe chote, kwa taratibu yake.

Liko pia jukumu la idara za lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba istilahi zaweza kupatikana. Lakini kamusi hutoa neno tu. Sentensi ambamo neno hilo litafanya kazi huandikwa na wengine. Kinachokosekana ni kijitabu cha kurasa chache, kilichoandikwa na mwanaisimu na mhandisi wakiwa meza moja, kitakachoeleza ukakamavu, nguvu, ugumu na ustahimilivu kwa mifano ya sufuria, bilauri, mtepe na zege.

Kazi hiyo si ya anasa. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, na watu karibu 50 wakafa. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe, na hakuna kitabu cha kiada kitakachofanya kazi ya mkaguzi aliyepuuzwa. Hata hivyo mhandisi hana budi kusema na fundi, na mwenye nyumba, na mara nyingine na hakimu, na lugha atakayosema nao aghalabu ni Kiswahili. Akiwaambia tu kwamba zege hii si ngumu, fundi ataigonga kwa nyundo, ataiona ngumu, na ataendelea na kazi. Swali la kwanza la mtihani wa somo hili basi lafaa liwe hili, na mwanafunzi aruhusiwe kulijibu kwa lugha aipendayo kati ya hizo mbili: eleza kwa maneno yako, bila mlinganyo, kwa nini sufuria hubonyea na bilauri huvunjika.